Gasketi ya Hedi Haiungui Bure: Kufungua, Kupima na Kufunga Silinda Hedi Mpaka Itulie

Gari linapanda mlima kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, abiria wamejaa, gia ya pili, na mshale wa joto unasogea juu. Dereva anasimama pembeni, anasubiri kidogo, anaongeza maji, anaendelea na safari. Wiki mbili baadaye rejeta inadai maji kila asubuhi na chini hakuna hata tone. Gereji anaambiwa gasketi imeungua. Inabadilishwa siku hiyo hiyo na jioni gari linatoka. Miezi miwili haipiti, limerudi na ugonjwa ule ule.

Katika kisa cha namna hii gasketi mpya haikuwa na kosa. Gasketi ya hedi ni bamba jembamba lililolala kati ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na silinda hedi (kifuniko chake cha juu chenye valvu), likitenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupoza, na oili. Haina nguvu yake yenyewe. Inaziba kwa sababu imebanwa, na imebanwa sawasawa kila mahali. Ikishindwa, basi ama nyuso mbili zinazoibana hazijanyooka, ama boluti hazibani inavyotakiwa, ama joto lilipita kiasi. Ukiibadilisha bila kujua ni lipi kati ya hayo, umenunua muda tu, na muda wenyewe mfupi.

Nguvu inayoshindana na boluti

Chukua injini ya 1NZ-FE, iliyoko kwenye Toyota IST na Probox nyingi zinazozunguka Arusha na Moshi. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 75, yaani eneo la sentimita za mraba 44 hivi. Gari likiwa na mzigo mlimani, mlipuko ndani ya silinda huleta shinikizo la bar 50 na zaidi. Piga hesabu: kila mlipuko unaisukuma hedi juu kwa nguvu inayozidi uzito wa tani mbili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inafanya hivyo mara 25 kwa sekunde. Kinachoizuia hedi isinyanyuke ni boluti kumi.

Halafu kuna joto. Kwenye Toyota Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE, bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yenye urefu wa sentimita 40 ikitoka nyuzi joto 20 hadi 90 hurefuka kama milimita 0.64, wakati bloku chini yake inarefuka milimita 0.31 tu. Tofauti hiyo, kama theluthi moja ya milimita, hedi inaiteleza juu ya gasketi kila injini inapopata moto na kila inapopoa. Gasketi nzuri imetengenezwa kuvumilia hilo kwa miaka.

Isichovumilia ni injini kuchemsha. Joto likizidi, hedi inataka kutanuka zaidi lakini boluti zimeishika. Alumini, ambayo joto limeshailainisha, inajibonyeza yenyewe. Ikipoa inasinyaa, lakini hairudi ilivyokuwa: katikati inabaki imejikunja, mara nyingi kati ya silinda ya pili na ya tatu, mahali ambapo joto huwa kali na ukuta kati ya silinda ni mwembamba. Pale mbano unapungua, moto unapata mwanya, na gasketi inaanza kuliwa. Ndiyo maana mtu husema “lilichemsha mara moja tu”. Mara moja inatosha.

Kifuniko cha rejeta na mwinuko wa Arusha

Kuna jambo la mahali petu linalosahaulika. Arusha mjini iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 95, siyo 100. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Thermostati ya injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na mlimani maji hufika 90 na kitu bila tatizo lolote. Maana yake ni kwamba maji yasipokuwa chini ya shinikizo, kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka kuna nyuzi chache mno.

Kinacholeta shinikizo hilo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha 0.9 au 1.1, namba unayoiona imeandikwa juu yake, kinapandisha kiwango cha kuchemka hata hapa Arusha hadi karibu na nyuzi 118. Kikiwa na mpira uliokakamaa au springi iliyochoka, maji yanachemka kwenye 95 palepale ndani ya hedi. Mapovu ya mvuke hayapozi chuma, na sehemu iliyozungukwa na mvuke inapata joto la hatari huku mshale kwenye dashibodi bado haujasema kitu, kwa kuwa sensa inataka maji ili ipime. Kifuniko ni spea ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye mfumo wa kupoza, na Arusha kufa kwake kunauma kuliko Dar es Salaam. Kila gasketi inapobadilishwa, nacho kibadilishwe bila mjadala.

Utakijua kibovu kwa dalili mbili. Asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama umenyonywa: valvu ndogo ya katikati ya kifuniko imekwama na hairudishi maji kutoka kwenye chupa ya akiba. Au chupa ya akiba inajaa hadi kumwagika lakini rejeta yenyewe haijai. Dalili hii ya pili inaweza pia kuwa ya gasketi, kwa hiyo anza na kifuniko kabla hujafungua chochote.

Kuhakikisha kabla ya kugusa boluti

Moshi mweupe asubuhi peke yake hauthibitishi kitu. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi ya Arusha, karibu kila eksozi inatoa mvuke mweupe mpaka ipate moto. Vilevile ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu, kwa gari la safari fupi ambalo halipati moto vizuri. Cha kutilia shaka ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, tena wenye harufu ya utamu wa koolanti, na ute ulioenea mpaka kwenye kijiti cha kupimia oili.

Dalili nzito kuliko hizo ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha. Maji bado ni ya baridi, kwa hiyo shinikizo hilo halijatoka kwenye joto. Limetoka kwenye silinda. Dalili nyingine ni injini kutetemeka sekunde chache za kwanza asubuhi kwa sababu silinda moja imeingia maji usiku. Ukitoa plagi, ile ya silinda hiyo ni safi isivyo kawaida, kama iliyooshwa.

Njia rahisi ya kuthibitisha ni kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya juu ya maji ikipitishwa ndani yake na ikawa na kaboni dayoksaidi ya moshi, buluu inageuka njano. Punguza maji ya rejeta kwanza yasije yakanyonywa yakaharibu kipimo.

Kisha pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni. Toa plagi zote, katisha petroli, kanyaga mafuta mpaka chini, zungusha stata. 1NZ-FE yenye afya inatakiwa kuwa na psi 213 (kPa 1,471), lakini hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo geji ikisoma psi 180 hapa injini ni nzima kabisa. Wapo waliofungua injini nzima kwa kulinganisha namba ya Arusha na namba ya kitabu. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya silinda na silinda: kwa injini hii isizidi psi 14. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yake. Silinda moja ikiwa chini, mimina kijiko kidogo cha oili ndani na upime tena. Ikipanda sana, ringi (pete za pistoni) zimechoka, na hedi mpya haitaziponya. Mwenye gari aambiwe hilo kabla ya kufungua, siyo baada.

Hatua ya mwisho, kwa aliye na kompresa: weka pistoni juu kabisa valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, ingiza upepo kwa tundu la plagi, kisha sikiliza. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Mlio kwenye eksozi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye mdomo wa oili ni ringi. Upepo unaweza kuizungusha injini ghafla, kwa hiyo mikono iwe mbali na feni na mikanda.

Kama oili nyekundu ya gia otomatiki imechanganyika na maji ya rejeta, usifungue hedi. Hapo kipozeo cha gia kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka.

Kufungua

Injini ipoe kabisa, na ni vizuri ilale usiku. Kulegeza boluti za hedi ya alumini ikiwa na moto ni kuipinda kwa mikono yako mwenyewe.

Toa waya wa betri, mwaga maji kwenye rejeta na kwenye koki ya bloku pia, maana maji yaliyobaki kwenye bloku yataingia kwenye silinda na kwenye oili hedi inapotoka. Leta silinda ya kwanza juu na uweke alama zako za taimingi, yaani mpangilio wa krankshafti (mhimili wa pistoni) na kemshafti (mhimili unaofungua valvu), hata kama za kiwandani zipo. Picha za simu zinasaidia sana kwa mipira, waya na klipu.

Tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) na valvu, kila moja irudi ilikotoka. Trei ya mayai ndiyo kifaa kizuri kuliko vyote kwa kazi hii: ina vishimo 30, na injini ya valvu 16 inaingia bila taabu. Andika kwa maka upande mmoja “feni”, panga safu ya kuingizia na safu ya kutolea, na usiruhusu mtu aisogeze. Tapeti za 1NZ-FE zinatofautiana unene kwa sehemu za mia za milimita. Zikichanganyika, utakuwa na kazi ya siku nzima ya kuzipima moja moja.

Boluti za hedi zilegezwe kuanzia za pembeni kwenda katikati, kwa zamu mbili au tatu, siyo moja mpaka iishe. Hedi ikigoma kutoka, gonga kwa nyundo ya mpira penye nyama, au nyanyua kwa manifodi (bomba la hewa au moshi lililofungwa kwenye hedi). Bisibisi ikichomekwa kati ya hedi na bloku inaacha mchubuko utakaovuja baadaye.

Sasa kabla ya kutupa gasketi ya zamani, isome. Iweke kwenye mwanga, upande wa juu na wa chini. Mstari mweusi unaotoka kwenye duara la silinda moja kwenda la jirani unaonyesha moto ulikopita. Kutu au unga mweupe kuzunguka tundu la maji unaonyesha maji yasiyo na koolanti, au yenye chumvi nyingi. Pete ya chuma ya silinda iliyobonyea nje kwa mzingo mzima ni ya injini iliyopigwa na mlipuko usio na mpango, labda plagi si zake au taimingi ya cheche imepita. Gasketi iliyo safi kabisa huku maji yakipotea inakutuma ukatafute ufa.

Usafi na vipimo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na kifaa kinachoharibu ni gerindi yenye kitambaa cha msasa. Fundi anaipitisha juu ya hedi, inang'aa kama kioo, kila mtu anafurahi. Mng'ao huo unaficha mabonde. Msasa unakula alumini laini haraka kuliko gasketi iliyoganda, unaacha vidimbwi vya sehemu za mia za milimita, na vumbi lake gumu linaingia kwenye njia za oili na kumaliza bearingi za krankshafti ndani ya wiki chache. Tumia kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyochongwa, thina, na subira. Ziba silinda na matundu ya oili kwa vitambaa kabla ya kuanza kukwangua bloku.

Matundu ya boluti kwenye bloku yasafishwe mpaka chini na kupulizwa kwa upepo. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, boluti inapoingia haina pa kuisukuma. Inasimama, toki renchi (spana inayopima toki, yaani nguvu ya kukaza) inasema tayari, na hedi haijabanwa. Ikilazimishwa, bloku inapasuka.

Kisha pima. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kweli, iliyotengenezwa kwa kupimia, na fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya). Ilaze mara sita juu ya uso wa hedi: mbili kwa urefu, mbili kwa mshazari, mbili kwa upana. Kwa 1NZ-FE jani la milimita 0.05 likipita popote upande wa bloku, hedi imepinda kupita kiasi. Upande wa manifodi inaruhusiwa hadi 0.10. Rudia kwenye bloku, ambayo nayo mwisho wake ni 0.05. Bloku haipimwi mara nyingi, na bloku iliyobonyea inaua gasketi mpya hata chini ya hedi iliyotoka kuskimiwa (kukatwa uso kwa mashine ili unyooke) jana.

Ukiipeleka hedi kuskimiwa, mwambie mtu wa mashine aondoe kiasi kidogo kuliko vyote kinachotosha kunyoosha, na akwambie amekata ngapi. Kukata milimita 0.2 kwenye injini hii kunapandisha uwiano wa kompresheni kutoka 10.5 hadi kama 10.7, jambo dogo. Lakini hedi iliyokatwa mara tatu na wenye gari watatu tofauti imesogeza valvu karibu na pistoni, na imelegeza cheni au mkanda kiasi cha kuchelewesha kemshafti. Kwa dizeli ni hatari zaidi, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na hedi ni ndogo mno. Gasketi za dizeli nyingi huja kwa unene tofauti, zikiwa na vijino au matundu ya alama pembeni, na unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku.

Ulaini wa uso nao una maana. Gasketi ya kisasa ya matabaka ya chuma inataka uso laini sana: ukipitisha ukucha usihisi mistari. Gasketi ya grafiti inastahimili uso unaokwaruza kidogo, tena inaupenda. Mtu wa mashine ajue ni ipi itakayofungwa.

Kuna kosa ambalo kuskimu hakulioni. Hedi iliyopinda chini imepinda na juu, mahali kemshafti inapolala. Ukikata chini tu, njia ya kemshafti inabaki na upinde, na siku moja kemshafti inakatika au inakula vikalio vyake. Jaribu hivi: toa tapeti zote, laza kemshafti, funga vifuniko vyake kwa toki yake, kisha zungusha kwa vidole viwili. Ikizunguka bure, endelea. Ikishika mahali, hedi inyooshwe kwa joto kwenye tanuri kabla ya kukatwa, au itafutwe nyingine.

Ufa hujificha kati ya siti za valvu (mahali valvu zinapokaa zikifunga) na kuelekea tundu la plagi. Rangi ya kupenyeza inauonyesha ule wa juu. Ule wa ndani unaonekana kwa kuziba njia zote za maji, kuingiza upepo na kuzamisha hedi kwenye maji ya moto, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka zikiwa na moto tu. Ufa kwenye hedi ya alumini unachomeleka, lakini kwa injini iliyojaa sokoni kama hizi, hedi iliyotumika ambayo imepimwa kwa maji ni uamuzi mzuri kuliko iliyochomelewa. Neno “imepimwa” ndilo la kushikilia: hedi ya sokoni huenda ilitolewa kwenye gari lililochemsha kama lako. Angalia chini ya vichwa vya boluti. Washa (pete za chini ya boluti) zikiwa zimezama kwenye alumini, hedi hiyo ilipata joto la kuilainisha na haitashika mbano tena.

Valvu

Hedi ikiwa mezani, hakuna sababu ya kuacha valvu. Bana springi kwa klampu, toa vile vipande viwili vya nusu mwezi vinavyoishika, na kwangua kaboni. Tikisa valvu ikiwa imeinuliwa kidogo kutoka kwenye siti. Ikicheza sana upande kwa upande, gaidi (bomba ambamo shina la valvu linateleza) imekwisha, na sili mpya juu ya gaidi iliyokwisha haidumu.

Kusaga valvu kwa dawa ya mchanga, ya kukwaruza kwanza halafu laini, kunatosha kama siti ina alama ndogo tu. Siti iliyochimbika au kupanuka inahitaji kukatwa: nyuzi 45 ndiyo pembe ya kuziba, na 30 na 75 ni za kuisogeza na kuipunguza upana mpaka ibaki kati ya milimita 1.0 na 1.4. Siti pana inaonekana imara, lakini mbano wake umetawanyika na kaboni inakaa juu yake. Siti nyembamba mno haipitishi joto kutoka kwenye valvu, nayo valvu ya kutolea moshi inaungua ukingo. Ukimaliza, osha kwa sabuni mpaka chembe zote za dawa zitoke, rudisha valvu, geuza hedi na umimine mafuta ya taa kwenye kila chumba. Subiri dakika tano. Njia za hewa na moshi zibaki kavu.

Sili za valvu ni mpya zote, na za kuingizia zisichanganywe na za kutolea, hutofautiana rangi. Paka oili kwenye shina kabla ya kuipitisha.

Valvu iliyosagwa inakaa juu zaidi, kwa hiyo nafasi ya tapeti inapungua, na lazima ipimwe upya injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa kuingizia, 0.25 hadi 0.35 kwa kutolea. Hesabu yake ni hii: unene wa tapeti ya zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Tapeti ya 5.40, nafasi 0.18, unataka 0.30: unatafuta tapeti ya 5.28. Nafasi ikiwa finyu, injini ikipata moto valvu haifungi, na ndani ya muda mfupi imeungua. Hapo utafungua hedi tena.

Kufunga

Gasketi ya matabaka ya chuma inafungwa kavu. Hakuna grisi, hakuna silikoni, hakuna rangi. Silikoni inawekwa tone dogo tu pale kitabu kinapoelekeza, kwa kawaida kwenye kona ambazo kava la cheni linakutana na hedi. Ikizidi, inakatika vipande ndani na kuziba kichujio cha pampu ya oili. Hakikisha upande wa juu uko juu na kila tundu la oili la bloku linaonekana kupitia gasketi. Ikigeuzwa, hedi inakosa oili na kemshafti inakufa kwa dakika.

Boluti zinazofungwa kwa pembe zimetengenezwa zivutike, na zikivutika mara moja hazina tena springi ile ile. Nunua mpya. Wengine hupima urefu na kuzirudisha, jambo ambalo vitabu vya injini fulani vinaruhusu, lakini boluti zilizopitia injini iliyochemsha hazistahili imani hiyo. Paka oili nyepesi kwenye nyuzi za boluti na chini ya kichwa, kidogo. Nyuzi kavu zinakula toki kwa msuguano, na renchi inakudanganya.

Kwa 1NZ-FE: kaza zote kumi kwa Nm 29 (nyutonimita, kipimo cha toki), kuanzia katikati kwenda nje kwa mzunguko. Weka nukta ya rangi mbele ya kila kichwa. Zungusha kila moja nyuzi 90 kwa mpangilio ule ule, kisha zote tena nyuzi 90, mpaka nukta zote zitazame nyuma. 3S-FE ni namba nyingine: Nm 49, kisha nyuzi 90 mara moja. Namba za injini moja hazihami kwenda nyingine, na mkono uliozoea, hata uwe na miaka 30 ya kazi, hauwezi kupima Nm 29 mara kumi mfululizo. Njia ya kugawa toki kwa hatua na pembe iko kwenye kitabu cha injini yako, fuata hiyo.

Ukishaweka taimingi, zungusha krankshafti kwa spana, mizunguko miwili kamili, polepole. Ikigonga mahali, simama. Stata isiguse injini hiyo kabla ya mkono.

Maji, na kuwasha

Wakati hedi iko nje, rejeta isukumwe maji au ifunguliwe, pampu ya maji iangaliwe shimo lake la kuvujia, feni ijaribiwe. Thermostati iwe mpya, na iwepo. Kuitoa “ili injini ipoe” ni desturi mbaya. Kwenye Toyota nyingi thermostati ndiyo inayofunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na mlimani sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa.

Jaza koolanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya ukanda wa Meru yana floraidi na madini mengine, na yanakula alumini kuzunguka matundu ya gasketi. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya bomba.

Oili mpya na filta, lita 3.7 kwa 1NZ-FE. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyiza petroli), zungusha stata sekunde chache mpaka taa ya oili izime, ndipo uirudishe na uwashe. Gari liinuliwe mbele, hita iwe kwenye moto wa mwisho, rejeta iwe wazi. Minya mpira wa juu mara kwa mara. Mapovu yatatoka mengi, kisha kidogo, na thermostati ikifunguka maji yanashuka ghafla. Ongeza, funga kifuniko kipya, acha feni iwake na kuzima mara mbili.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, chora mstari wa maka kwenye chupa ya akiba. Siku ya kwanza na ya pili maji yanaweza kushuka kidogo, ni hewa iliyokuwa imebaki. Kuanzia ya tatu mstari usisogee. Kilomita 500 zikitimia, mwaga oili na uweke nyingine, kwa sababu ile ya kwanza imeshabeba unyevu na chembe zote zilizokuwa zimesalia ndani.